Nahodha Alitufungisha Ndoa, Jirani Akaifungua

"Mke wa nani wewe? Ndoa ya kwenye meli nayo ni ndoa?"

Jirani yangu, Mama Pacha, kashika kiuno, povu la sabuni mpaka viwikoni. Tulikuwa tunagombania kamba ya kuanikia nguo, jamani. Kamba! Nikamwambia mimi ni mke wa mtu, anipe heshima yangu. Ndipo akanitupia hilo bomu, uani, mbele za watu.

Nikaiachia kamba. Na kushindwa ugomvi si kawaida yangu, aliyewahi kusukwa saluni kwangu anajua.

Maana siri ya ndoa ile tuliijua wawili tu: mimi na mume wangu, Baharia. Wengine wote niliwaambia tulioana ng'ambo, basi.

Miaka hiyo nilikuwa msusi kwenye meli ya watalii, yeye mhudumu wa baa. Jioni moja, kati ya mtu wa mazingaombwe na bendi, nahodha akatuita jukwaani. Sare nyeupe, mistari minne begani.

"Kwa mamlaka niliyopewa, sasa ninyi ni mume na mke!"

Abiria wakapiga makofi. Mimi nikalia mpaka wanja ukafika shingoni.

Mtu ana kofia kubwa vile, nimuulize mamlaka kapewa na nani?

Basi nikaingia ndani, nikamvaa Baharia kwenye kochi: kwa nini kamwambia Mama Pacha siri yetu? Hakuona hata haya.

"Kwani uongo? Nahodha alikuwa anachangamsha abiria tu. Mimi namuoa mdogo wake Mama Pacha. Nyumba tutauza, kila mtu achukue nusu yake."

Nyumba! Nyumba aliyoniachia marehemu mama yangu!

Nikaondoka kwenda saluni kabla sijaua mtu. Kwenye kiti alinisubiri mteja wangu, wakili. Nikawa nasuka huku namwaga yote.

"Shoga, taratibu, hiki kichwa si cha Baharia!" akalia. Halafu akauliza, "Meli ilisajiliwa nchi gani?"

Nikamtajia. Bendera yake niliiona kila siku nyuma ya meli. Akaperuzi simu yake, akapiga na simu kwa mwenzake.

"Zipo nchi zinazomruhusu nahodha kufungisha ndoa. Hiyo haimo. Mlikuwa na kibali? Mkaandikisha popote mliposhuka?"

"Wapi! Tulikata keki tu."

"Basi ile ilikuwa shoo, dada yangu. Hukuolewa."

Nikaangua kilio. Miaka yote ile najiita mke, nafua, napika, nauguza mtu!

"Futa machozi," akasema. "Nyumba ni urithi wako. Na kama si mumeo, hiyo nusu anaidai kama nani?"

Nilirudi nyumbani mbio. Nikamkuta Baharia na dalali wanapima sebule yangu kwa futi.

"Hii ni mali ya ndoa," Baharia anamwelekeza.

Nikapiga kelele mpaka uani pakajaa. Nilitaka pajae!

"Sema mbele za watu. Mimi mkeo, au si mkeo?"

Akamtupia jicho dalali. "Kisheria… ni mke wangu."

"Weee!" Mama Pacha akaruka. "Si uliapa kwangu kwamba hujaoa? Mdogo wangu haendi ukewenza!"

"Basi si mke… yaani, kwa upande mmoja…"

"Upande gani, wa jikoni au wa chumbani?" dalali akauliza, huku anakunja futi yake. Watu hoi kwa kicheko.

Mimi sikucheka. "Ukisema ndiyo, mchumba huna. Ukisema hapana, nusu huna. Chagua!"

Kabla hajachagua, sauti ndogo ikatoka nyuma ya Mama Pacha. Mdogo wake.

"Lakini mimi kaniambia tutaoana kwenye meli. Eti nahodha ni rafiki yake."

Mama Pacha akatafuta pa kuficha uso, akaingia kwake na kubamiza mlango.

Nguo za Baharia nilizitupa nje mwenyewe, moja moja. Naandika haya hasira bado hazijaniisha. Mwenzangu, kabla hujalia kwa furaha, uliza anayekufungisha kapewa mamlaka na sheria ya wapi, kisha mkaandikishe. Makofi ya abiria si cheti.

Watu walipotawanyika, yule binti alibaki uani, analia, mlango wa dada yake umefungwa. Nikamtazama. Nikasonya.

"Umesimama hapo kama nguzo, unasubiri nini? Nawa mikono, mdogo wangu, ingia tule."