Mashine Iliyofundishwa Kusubiri Salamu

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu mlangoni. Nikavua, na soksi yangu ya kulia ilikuwa na tundu! Ndivyo kilivyokuwa chumba cha kompyuta cha ushirika wetu wa wakulima wa zabibu hapa Dodoma: kapeti, kiyoyozi na pazia zito, maana vumbi la Agosti likiingia ndani ya mashine, kwaheri. Ninyi wajukuu mnaobeba kompyuta mfukoni chekeni tu. Ile ilikuwa moja kwa ofisi nzima, na jioni tuliifunika kitambaa kama maiti.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, niko likizo ndefu. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni na kila mkubwa akataka kompyuta, hata kama hajui ya nini. Meneja wetu alijua. Wakulima wa Hombolo na Ihumwa walisimama foleni tangu asubuhi, zabibu zikiungua na jua, huku makarani wakiandika kila mzigo kwa mkono.

"Binti," aliniambia, "foleni ikipungua msimu huu, ukimaliza chuo nafasi ni yako. Isipopungua, mashine nairudisha Dar es Salaam, na wewe uifuate."

Jamani, niliitaka kazi ile! Kuandika programu, yaani kuipa mashine maelekezo hatua kwa hatua, kulinipa raha ambayo sijaipata kwingine. Asubuhi chai na chapati, kisha mimi na kiwambo changu mpaka mchana. Nikikwama nasogeza pazia kidogo, natazama upepo unavyosukuma vumbi barabarani, na mara nyingi jibu linakuja lenyewe.

Bosi wangu wa karibu alikuwa Mkuu wa Kitengo cha Takwimu, mtu wa suti na wasiwasi. "Umeme wa hapa hauna adabu," alikuwa akisema, "unaondoka bila kuaga." Siku zile umeme ukikatika wakati ukurasa wa mkulima uko wazi, faili zima liliweza kuharibika. Akaagiza: ukurasa usipoguswa kwa nusu dakika, ujifunge wenyewe. Nikaandika hivyo. Ndani ya kile chumba chetu cha baridi, agizo hilo lilifanya kazi vizuri mno.

Siku ya kupokea zabibu tukaihamishia mashine kwenye banda la mizani. Karani wa mizani alikuwa Bwana Salum, mtu wa mjini ambaye babu zake walikuja na misafara ya biashara, lakini Kigogo anakitiririsha. Akafungua ukurasa wa mkulima wa kwanza, Mzee Masinga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbukwenyi!"

"Mbukwa. Za nyumbani?"

Mzee akazitoa zote. Za watoto, za mvua, za yule ng'ombe aliyekuwa akiumwa. Hapa kwetu hupokei mzigo wa mtu ambaye hujamjulia hali. Walipofika kwenye mbuzi, ukurasa ukajifunga. Salum akafungua tena. Mzee naye, mtu mwenye adabu zake, akauliza mke wa Salum anaendeleaje. Ukajifunga tena. Foleni ikaanza kunung'unika, nyuki wamejaa juu ya makreti.

"Hicho kimeandika nini?" mzee akauliza.

Salum hajui kudanganya. Akasoma: "Muda umekwisha."

"He! Hata zabibu zangu hakijaziona, kinanifukuza?" Akainama kubeba kreti lake.

Meneja alikuwa amesimama palepale, ananitazama. Mkuu wa Kitengo akanong'ona, "Salum, punguza salamu."

"Mkuu, hilo siwezi," Salum akajibu kwa sauti. "Huyu ni mzee wangu."

Nilimpenda Salum tangu siku hiyo. Nikamwomba mzee akae kivulini kidogo, nikamwomba Meneja anivumilie mpaka adhuhuri, nikaketi, nikavua viatu kwa mazoea katikati ya vumbi lote lile. Nikafuta agizo la kujifunga. Badala yake nikaiambia mashine ihifadhi kila namba kwenye diski papo hapo inapoandikwa, ili umeme ukiondoka upotee mstari mmoja tu. Na pale palipoandikwa muda umekwisha, nikaweka neno moja.

Mzee Masinga akarudi. "Sasa kinasemaje?"

"Kinasema, nasubiri," Salum akamjibu.

"Ahaa. Sasa kimefunzwa."

Salamu zikaisha kwa raha zake, na baada ya hapo kupima na kutoa risiti kukawa kufumba na kufumbua. Alasiri umeme ukakatika, kama kawaida yake. Uliporudi, tukakuta wakulima wetu wote wamo. Meneja akaniambia kwa ufupi, "Maliza chuo, urudi."

Nikarudi. Nikafanya kazi ghala la Mlali, kisha Kongwa, kisha makao makuu, chini ya wakurugenzi wapole na wakali, hadi nilipostaafu. Nimeandika programu kubwa kuliko ile, lakini hiyo ndiyo naipenda.

Mwezi uliopita nilikwenda ofisi moja kushughulikia kadi yangu ya matibabu. Kijana wa dirishani akanipa shikamoo, macho kwenye kiwambo.

"Marahaba, mwanangu. Za nyumbani? Mama hajambo?"

"Samahani bibi, tuharakishe. Mfumo utanitoa."

Nikacheka peke yangu. "Acha ukutoe. Mama hajambo?"

Akaachia kipanya, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mama amelazwa, bibi. Tangu Jumatatu."

Mfumo ukamtoa. Hakuugusa tena mpaka tulipomaliza habari za mama yake.