Mpe Mchunga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli ya watalii nje kidogo ya Voi, meneja alinikabidhi beseni, brashi na kobe mmoja aliyeitwa Mzee. "Huyu ana kibali cha serikali," akaniambia. "Akifa, wewe ndiye utaandika barua." Nami nilikuwa nimeomba kazi ya kufua mashuka.

Ninyi mnaofuga kwa kutazama simu mtacheka, lakini sisi tulijifunza kwa kukosea. Niliona ngozi ya shingo ya Mzee imekauka na kufanya weupe, kama miguu ya mtoto aliyeshinda vumbini. Kwetu Mghange, juu milimani, mtoto hatoki nyumbani bila mafuta, watu watasema ni yatima. Basi nikachota mafuta ya kupikia, nikampaka kuanzia shingoni mpaka gambani. Aling'aa. Wageni wakapiga picha, meneja akafurahi, nami nikawa nampaka kila asubuhi na kumlisha ugali pia.

Baada ya wiki kadhaa gamba likaanza kunuka. Daktari wa mifugo, mtu wa maneno machache, alilikwaruza kwa ukucha, ukungu ukatoka. Mafuta yalikuwa yamenasa uchafu na unyevu, na ugali hauna ile chokaa ya kujenga gamba.

"Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni, kisha mwache juani," akasema. "Na mpe mchunga."

"Daktari, mchunga si ndiye mimi?"

Akachuma jani kando ya ua. "Mboga, mama. Ile chungu."

Nikawa nachuma mchunga, nyasi, na mpungate uliotolewa miiba. Mzee alipona, ila gamba lilibaki na kovu upande wa kushoto. Miaka ikaenda, mvi zikanijaa, na kila akisikia viatu vyangu alinyoosha shingo.

Sasa nimestaafu, niko Mghange kwenye baridi. Namkosa yule kobe kuliko mameneja wote watatu niliowatumikia, na sioni haya kusema. Nikipalilia mahindi nikang'oa mchunga, mkono unakataa kuutupa.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nilifunga fungu la mchunga kwenye leso, nikashuka Voi. Nilimkuta Mzee anang'aa mafuta. Akanyoosha shingo, lakini kwa viatu vya Mkamburi, mama aliyechukua nafasi yangu.

"Nimempaka, asionekane hana mwenyewe," Mkamburi akasema.

Ningemgombeza kwa mdomo upi? Niliomba maji ya uvuguvugu, tukamsugua Mzee pamoja. Nikamwonyesha lile kovu, nikamwambia ni mkono wangu uliolileta.

"Mafuta basi," nikasema. "Na ugali basi. Mpe mchunga."

Mkamburi akaacha kusugua. "Lakini mama, mchunga si ni mimi?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na kicheko kilipoisha yakaendelea kutoka. Barua ya kustaafu nilikuwa nayo mwaka mzima, sijaiamini.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni wewe." Kisha nikafungua leso.