Nyasi Sebuleni

Nyumba yetu ya Nyanga, hapa Bukoba, niliichora mwenyewe. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na hii niliichora nikiwa bado na kiburi cha mtu aliyetoka chuoni juzi: korido ndefu katikati, milango ya mninga pande zote mbili, yote sawasawa, na vigae vyeupe vinavyong'aa kutoka sebuleni mpaka jikoni. Wageni walisifu. Mama alipoletwa kutoka Muleba, kumbukumbu zikiwa zimeanza kumtoka, hakuweza hata kukiona choo.

Alikuwa akitoka chumbani, anaitazama ile milango, anarudi. Anatoka tena, anarudi tena. Siku moja nilimkuta amefungua kabati la nguo, amechutama ndani yake, akanitazama kwa aibu kali. Mganga hajigangi. Watu wa Bukoba wananiita niwachoree nyumba, na mama yangu anajisaidia kabatini katika nyumba niliyoichora mimi.

Vigae ndivyo vilivyomtesa zaidi. Jua la asubuhi likiingia dirishani vilimeta, naye aliona maji. Alisimama mlangoni, akapandisha kitenge, akanyoosha mguu kupima kina.

"Nani ameleta ziwa humu ndani?" aliuliza.

Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye sikucheka tena, kwa sababu alikuwa anatetemeka kwa hofu ya kuzama.

Kisha akatoka nje akapotea. Vijana wa bodaboda walimkuta kwenye barabara kuu, miguu peku, anaelekea Muleba, kwenye kibanja chetu cha migomba na mibuni ambako baba amezikwa. Kaka yangu anaishi hukohuko Muleba. Habari zilipomfikia alinipigia simu.

"Mfungie chumbani, dada. Weka kufuli kwa nje. Atagongwa na gari."

"Mama si mbuzi, kaka."

"Basi wewe fundi wa ramani, tengeneza nyumba ambayo hatapotea. Nakuja Jumapili. Nikikuta bado anatangatanga, kufuli nitaliweka mwenyewe."

Nilimchukia siku zote zile, na nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa na haki ya kuogopa.

Nikaanza kazi kama mwendawazimu. Mlango wa choo nikaupaka rangi ya njano ya kukera macho. Kwenye mlango wa chumba chake nikatundika picha ya Bikira Maria, ile aliyosali mbele yake tangu ujana wake, nikajipongeza kwamba huo hataukosea. Kweli hakuukosea. Alifika, akavua ndala, akapiga magoti, akasali, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaondoka kwenda kutafuta chumba chake kwingine. Kwake pale palikuwa kanisani, na nani analala kanisani? Nikaitoa picha.

Vikabaki vigae. Nilijaribu zulia jeusi, akaliona shimo, akalizunguka huku ameshika ukuta. Hapo ndipo nilipokumbuka nyumba aliyozaliwa, ya zamani, ya Kihaya, iliyotandikwa nyasi sakafuni. Hata sisi tulipokuwa watoto, Krismasi ikikaribia, mama alitandika nyasi mpya na nyumba nzima ikanukia. Nikaagiza mizigo ya nyasi kutoka rweya, ule uwanda wa nyasi ulio nje ya vijiji. Jumamosi asubuhi, mama akiwa bado amelala, nikatoa makochi na meza zote nje ili asijikwae. Nikatandika kuanzia mlango wa chumba chake, korido nzima mpaka choo cha njano, halafu nikamalizia na sebule. Hapakuwa na kigae hata kimoja kilichoonekana. Nilifurahi, nasema kweli. Nilijiona mchoraji.

Mama akatoka. Hakupandisha kitenge. Alikanyaga nyasi kwa nyayo zake tupu, akatembea bila kushika ukuta mpaka sebuleni. Akasimama. Akatazama chumba kisicho na kiti, akatazama nyasi, akatazama makochi yaliyorundikwa nje. Akaweka mikono kichwani, akaniuliza kwa waitu, neno letu la heshima.

"Waitu, nani amekufa?"

Kwetu mtu akifa viti hutolewa nje, ndani hutandikwa nyasi, na waombolezaji huketi na kulala chini. Hakuna asiyelijua hilo. Baba alipokufa mimi mwenyewe nililala juu ya nyasi hizo. Lakini shida hupofusha, na mikono yangu ndiyo iliyotandika msiba sebuleni kwangu.

"Hakuna aliyekufa, Mama."

"Usinifiche. Baba yenu yuko wapi?"

Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia ukweli.

"Baba alikufa zamani, Mama. Tulimzika kwenye kibanja."

Akapiga yowe la mjane. Kwetu yowe hilo halipuuzwi na mtu. Majirani wakaja mbio, kanga viunoni, mmoja akiwa na mkungu wa ndizi. Waliona makochi nje, wakaona nyasi ndani, hawakuuliza. Waliketi wakalia naye. Nilipata nguvu ya kuwanong'oneza ukweli baadaye sana, wanawake wakatazamana, lakini hakuna aliyeondoka. Nitawashukuru mpaka nife.

Mama aliketi ukutani, amenyoosha miguu, akipokea pole. Alimuuliza kila mama habari za nyumbani kwake. Alipobanwa na haja aliinuka, akafuata nyasi, akafika chooni, akarudi palepale alipokuwa ameketi. Mchana kutwa hakupotea. Nilikuwa jikoni namenya ndizi za wageni, nikalia mpaka kisu kikanidondoka. Katika nyumba zote ninazojua kuchora, ya pekee aliyoweza kuisoma ilikuwa nyumba yenye msiba.

Jumapili aliamka, akatoka, akafika sebuleni.

"Waitu, nani amekufa?"

Alikuwa amesahau yote. Nikikusanya zile nyasi, ziwa linarudi, naye anarudi barabarani, na kufuli linakuja. Nikirudisha makochi, yanaikata njia ya nyasi anayoifuata. Nikiziacha, kila asubuhi nitamuua baba upya masikioni mwake. Nilimwangalia anavyonisubiri nijibu, mikono imeanza kupanda kichwani.

"Hakuna, Mama. Nafanya usafi tu. Baba ametoka."

"Ameenda wapi?"

"Maruku, kuchukua miche ya migomba."

Akashusha pumzi. "Basi nitamngoja," alisema, akapita juu ya nyasi, akaenda kuketi kwenye benchi la barazani, uso umeelekea getini.

Kaka alimkuta hapohapo. Mama aliposikia pikipiki aliinuka nusu, akaona si baba, akaketi. Kaka akamwamkia. Alijibiwa vizuri tu, kama anavyojibiwa mpita njia. Alisimama na mkono mfukoni, na nilijua ameshika nini mle, lakini kufuli hakulitoa.

"Umefaulu," akaniambia bila kunitazama. Nilitamani kumpiga kofi.

Kweli hapotei tena. Nyasi zikichakaa natandika nyingine. Asubuhi anauliza nani amekufa, nami namtuma baba Maruku, halafu anakwenda kungoja. Akitokea mtu getini anainuka nusu, kisha anaketi. Anafanya hivyo mpaka giza linapoingia, na chakula chake anakigawa, nusu anaifunika kwa sahani. Wateja wangu wakija wananiambia mama yako ametulia siku hizi. Nawaitikia.

Juzi jioni nilishindwa kuendelea na kazi. Nikaenda kuketi chini, karibu na miguu yake. Alinichunguza kwa muda mrefu, kwa heshima, kama mtu aliyekutana na mgeni kwenye foleni ya zahanati.

"Nawe, waitu, unamngoja nani hapa?"

"Namngoja mama yangu," nikasema.

Akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi.