Mraba wa Kileleni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina la mtu niliyeongea naye asubuhi, hiyo haifutiki. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, kijijini kwetu kwenye milima ya upande wa Kibakwe. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne. Miguu mirefu, mdomo mrefu, na kijiji kizima hakuna aliyepanda mlima kwa kasi kama mimi. Ndiyo maana yule mtaalamu wa mimea alinichagua mimi nimsaidie.

Alikuwa ametoka chuo kikuu, mtu mpole, miwani yake kaifunga kwa uzi. Sisi tulimwita Bwana Majani. Kazi yake ilitushangaza. Anatandika kamba chini, anafanya mraba mpana kama sebule, halafu anapiga magoti humo ndani na kuhesabu kila kinachoota: nyasi, vichaka, hata vile vijimea ambavyo mbuzi anavikanyaga bila kuvitazama. Kila aina anachukua tawi moja, analilaza katikati ya magazeti, anabana kwa mbao mbili na mkanda. Mbao hizo nilibeba mimi, na nilizibeba kwa maringo, usidhani. Miraba yake ilikuwa sita, kuanzia bondeni karibu na kijito mpaka kileleni, na kila kona aliirundikia mawe ili siku nyingine mtu aweze kurudi pale pale.

Mitano tukaimaliza pamoja. Kabla ya wa sita, ule wa kileleni, homa ikamwangusha. Akaniita pale alipolala, meno yanagongana.

"Binti, kamba ya juu nimeshaifunga. Panda, uniletee tawi moja la kila kinachoota ndani yake. Usiongeze, usipunguze. Nitaandika mimi."

"Ndiyo, Bwana."

Sasa sikiliza upumbavu. Siku hiyo kijiji cha jirani kulikuwa na harusi, ngoma inalia tangu jua linachomoza, na mimi nina kanga mpya. Kupanda kileleni na kushuka ni nusu ya siku. Nikasimama kijitoni, nikatazama juu, nikasikiliza ngoma. Nikajisemea, majani ni majani, nani atakuja kuuliza? Nikachuma pale pale bondeni. Tena kwa akili: nikaikwepa mimea inayopenda maji, isije ikanitaja. Lakini nikatia na lile jani tunaloliita jani la vibuyu, lenye vinywele, ambalo wanawake wa kwetu walikuwa wanasugulia vibuyu vya maziwa. Nililiona zuri. Nikakaa kivulini muda wa kutosha kudanganyia, nikajipaka vumbi usoni, nikampelekea mzigo wake. Alinishukuru kama nimemletea dawa. Akachukua kalamu, mkono unatetemeka, akaandika kwamba matawi yale yametoka kileleni.

Nyumbani nilimkuta shangazi yangu, dada yake baba, anapepeta mtama. Hakunitazama usoni. Alianza na miguu.

"Umetoka wapi?"

"Kileleni, shangazi. Bwana Majani kanituma."

"Kileleni udongo ni mwekundu. Hilo tope jeusi vidoleni umelitoa kwa nani huko juu?"

Nikaanza kusugua vidole ardhini.

"Nenda ukamwambie. Sasa hivi, kabla hajafunga mzigo wake."

"Shangazi, si majani tu?"

"Majani tu! Mtu kaacha mke wake mjini, kaja kupiga magoti kwenye miiba yetu, wewe unasema majani tu? Angekuwa mzima ukamdanganya, ningekucheka. Umemdanganya amelala. Nenda!"

Sikwenda. Nilikwenda ngomani. Kesho yake niliamka nikijiambia nitasema jioni, na jioni nikajiambia nitasema kesho. Siku ya tatu gari la chuo likaja likambeba, yeye na mbao zake na uongo wangu ndani. Alipoandika makala yake hakunitaja jina, na mimi nilifurahi kutotajwa.

Nikaolewa, nikazaa, nikazika mume, nikahamia huku Ihumwa kwa mtoto wangu wa kiume. Hadithi ya Bwana Majani nikaifanya kuwa sifa yangu. Wajukuu wote wameisikia: bibi yenu alifanya kazi na msomi, bibi yenu alibeba sayansi mgongoni. Ile sehemu ya kijitoni sikuigusa hata siku moja. Na mjukuu wangu Nyemo, binti wa mwanangu huyo, akaisikia tangu hajaota meno mpaka ikamwingia. Akaenda chuo kikuu kusomea mimea. Akatafuta makala ya Bwana Majani, akaipata, akasema, "Bibi, nitarudi kwenye miraba ile ile sita, nione miaka hii yote imebadilisha nini." Nilijisikia kama nimevikwa taji. Kile kijito kikanijia kichwani, nikakifukuza kwa kumuuliza amekula nini.

Nyemo alifanya kazi ambayo mimi nisingeiweza hata nikiwa na miguu yangu ya zamani. Misimu ya mvua, misimu ya kiangazi, yeye yuko na kamba yake. Halafu akaandika, akapeleka kwenye jarida la watu wa mimea. Mimi nilifikiri ukishaandika umeandika. Kumbe! Jarida lina mhariri, na mhariri anawapa kazi yako wahakiki wawili, watu ambao huwajui na hujawahi kula kwao, waichimbe. Walimrudishia mara mbili. Hapa umehesabuje? Hii namba umeitoa wapi? Na namba zote alizokusanya ilibidi aziweke wazi, mtu yeyote duniani akitaka kuzipiga upya azipige. Nikamuuliza, "Wanakuchukia?" Akacheka: "Hapana Bibi, ndivyo wanavyonisaidia." Mwisho wakaikubali. Tukachinja jogoo.

Kilichobaki ni kimoja tu. Zamani, Nyemo alinieleza, makala kama hizo zilikuwa za Kiingereza kitupu, zimefungiwa maktaba za mbali, na kuzisoma mpaka ulipie. Siku hizi jarida hilo limefungua mlango: makala inasomwa bure, hata kwenye simu, na limeweka sharti kwamba kila mwandishi atoe muhtasari katika lugha ya watu wa mahali mimea inapoota. Kwa hiyo Jumamosi moja akaja, mimi natandaza mlenda juani kwenye mkeka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko chuoni wanakulisha karatasi?"

"Nisikilize nisome. Ukikwama mahali niambie. Wewe ukikwama na watu wa kijijini watakwama, nitakuwa nimeandika bure."

"Soma. Lakini usinisomee kama unahutubia Bungeni."

Akasoma. Ilikuwa nzuri, mwanangu! Kila neno nalielewa. Nikaisikia milima yetu inasemwa kwa lugha ninayonunulia chumvi, nikatamani shangazi yangu angekuwepo. Mpaka akafika hapa: kwamba kwenye mraba wa sita, ulio kileleni, jani la vibuyu lilikuwepo wakati wa utafiti wa kwanza, na sasa limetoweka kabisa, na hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote.

Mkono wangu ukasimama juu ya mlenda.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Nyemo, hilo jani halijatoka kule juu."

"Bibi, limeandikwa. Tawi lenyewe bado lipo chuoni, yote wameyapiga picha. Ngoja." Akanipa simu. Nikaliona. Limekauka, limekuwa rangi ya tumbaku, limepindwa shingo vile vile nilivyolipinda liingie kwenye gazeti. Pembeni mwandiko wa mtu mwenye homa.

"Tawi hilo nililichuma mimi," nikasema. "Bondeni. Kileleni sikufika."

Kwanza alicheka. "Bibi, acha utani." Akanitazama, kicheko kikakauka. "Hadithi hii umenisimulia mara ngapi? Mara ngapi, Bibi?"

"Nyingi."

"Na hukusema."

"Sikusema."

"Nimejenga makala nzima juu ya mraba huo! Mpaka kichwa cha makala! Imeshakubaliwa, wanangoja huu muhtasari tu!" Macho yakamjaa maji. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anajua?"

Nikamwambia ukweli. Bwana Majani alishafariki. Shangazi alishafariki. "Mimi na wewe."

Sitakuficha, mwanangu. Mdomo wangu ulikuwa unafunguka kusema, acha, mimi ni mzee, labda nimechanganya mambo. Ningelisema hilo, angelishika, na sote wawili tungelala. Wakati huo treni ikapita huku nyuma ya nyumba yetu, ndefu, kelele tupu, hakuna aliyeweza kusema. Ilipokwisha Nyemo alikuwa ameshajipangusa uso na ameshafungua kompyuta yake.

"Basi tunajua wawili," akasema. "Bibi, anza mwanzo. Polepole, nakuandika."

Nikaanza mwanzo. Kanga, ngoma, kijito, tope, vyote. Akamtumia mhariri siku ile ile.

Wiki zilizofuata nilikuwa mdogo humu ndani kama kifaranga. Baba yake Nyemo akaniambia waziwazi, "Mama, umemharibia mtoto." Nyemo mwenyewe alikuwa anapiga simu kunijulia hali, lakini maneno mafupi, hakuna mke mwenza wala utani. Hiyo iliniuma kuliko kutukanwa.

Jibu likaja. Mhariri alisema makala isimame kwanza. Mraba wa sita wa zamani utolewe, hesabu zipigwe upya bila huo, wahakiki waione tena, na ikianguka, imeanguka. Akasema pia kwamba kosa lile limekaa kwenye maandishi ya wasomi miaka yote hiyo na hakuna msomi aliyeligundua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsomea mtu wa mahali pale kwa lugha anayoielewa. Akaomba ruhusa yangu kisa hiki kisimuliwe kwenye makala, na akauliza jina langu liandikweje.

"Liandikwe lote," nikamwambia Nyemo. "Na la baba yangu, wasije wakafikiri ni bibi mwingine."

Hapo ndipo akacheka.

Akapiga hesabu upya. Miraba mitano ilisimama. Mabadiliko yapo, ila si makubwa kama alivyokuwa ameandika, na kichwa cha makala akakibadilisha kikawa cha unyenyekevu. Lakini alitaka kupanda tena kileleni, aandike vizuri kilichopo leo na kueleza wazi kwamba kuhesabu kwa mraba huo kunaanzia hapo. Nikasema naenda. Walinikatalia wote. Nikaenda. Bodaboda mpaka pikipiki ilipogoma, kisha fimbo, kisha bega la Nyemo. Safari niliyoihesabu nusu ya siku nikiwa msichana ilinichukua siku nzima na usingizi wa njiani.

Mawe ya kona tatu bado yapo. Nyemo akafunga kamba, akapiga magoti. Mimi nikakaa kando natamka majina ya Kigogo, yeye anaandika. Akamaliza, akainua kichwa.

"Bibi, na wakati ule? Hapa palikuwa na nini?"

Aliuliza tu, bila ubaya. Nikatafuta kichwani. Nilikuwa nimepita huko juu mara nyingi nikifuata kuni, lakini kupita si kuhesabu. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyetumwa kuangalia ndani ya mraba ule mwaka ule, na alikuwa anacheza ngoma.

"Sijui," nikamwambia. "Na hakuna atakayejua."

Makala imetoka. Nimeiona kwenye simu ya jirani, haidai chochote, unabonyeza inafunguka. Barua za wahakiki zimewekwa pembeni, wazi: ile ya kwanza inayousifia mraba wa sita, na ile ya baadaye baada ya mimi kusema. Hawakufuta walipokosea. Mwanangu, mimi nimeishi na watu wakubwa wasioweza kusema nilikosea hata kwa kuku wao, na hawa wameiweka hadharani dunia nzima isome! Nimewavulia kilemba. Kwenye jedwali, miraba mitano ina namba zake za zamani na za sasa. Wa sita, upande wa zamani, kuna kistari kifupi, na chini yake sababu, na jina langu kamili. Nyemo kanisomea jina lake juu, nikacheka, kisha kanionyesha langu kwa kidole. Nimekitazama kile kistari muda mrefu. Ndiyo kazi yangu yote ya ujana, hiyo hapo.

Kwa hiyo nakwambia wewe unayesoma, hasa wewe uliyetumwa mahali leo na unaona ni mbali. Fika. Kama hukufika, sema hukufika, na useme wakati aliyekutuma bado yupo, kwa sababu akishaondoka uongo wako unakwenda kujengewa nyumba na watu usiowajua. Ukichelewa kama mimi, sema hata hivyo, hata kama anayesikia ni yule unayempenda kuliko wote. Na wewe msomi, usione haya kuketi kwenye mkeka wa bibi na kumsomea ulichoandika juu ya ardhi yake. Anaweza kukuharibia kichwa cha makala. Mwache akiharibu.

Mungu akupe miguu ya kufika unakotumwa na mdomo wa kusema pale ulipoishia. Kazi ya mikono yako ikaguliwe na isimame. Na wazee wako waishi mpaka wasomewe jina lako, wacheke kama nilivyocheka mimi.