Kisanduku Chekundu

Kiwandani walimwita Bi Visanduku, naye hakununa. Kazi yake ndiyo hiyo: kukichora kiwanda kizima cha sabuni, kila idara na kisanduku chake, na mistari ya kuonyesha nani anamtegemea nani. Bosi akisema mwaka huu tunauza nje ya nchi, yeye hufuata mistari na kumwonyesha kisanduku ambacho kikiguswa tu, mpango wote umekwenda na maji.

Bosi alitaka kufunga chumba cha kufungashia, kazi apewe mtu wa nje. Humo ndimo alimokuwa kaka yake Bi Visanduku, fundi wa mashine aliyewalisha mama na wanawe. Lakini yeye hakupigania undugu, alipigania mistari: kila oda ya nje ya nchi ilipita pale. Walibishana mpaka bosi akavunja kikombe ukutani, kisha akanywea. Haya, kibaki. Kwa furaha Bi Visanduku akakipaka kisanduku cha chumba hicho rangi nyekundu, maana kwake nyekundu ni nguzo, haiguswi, akaubandika mchoro ukumbini wote wauone. Maana ya rangi akaiacha kwenye kompyuta yake. Jamani, msomi mzima!

Wafungashaji walikwisha kusikia fununu za kufukuzwa. Walipoona nyekundu, hawakuuliza. Walimkuta kwenye ngazi. Wa kwanza alimkamata nywele, wa pili akamtwanga ngumi ya mdomo, jino likalegea, damu ikamjaa. Kila alipojaribu kusema alipigwa kofi. Wakamsukuma, akaporomoka hadi chini, na buti likamkanyaga mkono wa kulia mpaka vidole vikavunjika. Alipoinua macho aliona buti ni la kaka yake.

"Nimekubeba mgongoni, mdogo wangu," alisema huku analia. "Leo unanifuta kwa rangi?"

Hakungoja jibu. Alichukua nondo, akawaongoza wenzake hadi chumba cha kufungashia. Mlinzi aliyesimama mlangoni alipasuliwa kichwa. Mashine aliyoitunza kama mtoto akaiponda kwa mikono yake mwenyewe, na mwingine akawasha maboksi. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi: jioni bosi alilifunga jivu kwa kufuli, akampigia simu mtu wa nje.

Kesho yake Bi Visanduku alikwenda kituo cha polisi, mkono umefungwa bandeji, mdomo umevimba. Kaka yake alisogea kwenye nondo za mahabusu, akamwomba radhi. Halafu akauliza ile nyekundu ilikuwa na maana gani hasa.

Angeweza kumficha. Lakini vidole vilimuuma, na alikuwa na hasira ambayo hakujua kwamba anayo. Akasema taratibu, neno moja moja, ili limwingie.

"Kwamba chumba chenu kinabaki. Nilishashinda."

Kaka akamtazama, kisha akaanza kujigonga kichwa kwenye vile vyuma, tena na tena, mpaka damu ikamshuka machoni. Bi Visanduku alisimama pale pale, hakumwita askari.