Filta Iliyonukia Nazi

Mume wangu Idarusi ni fundi magari, na filta ya hewa anaiosha kwa uangalifu kuliko anavyoosha miguu yake. Nasema zile filta za pamba, ambazo watu hununua na kufunga badala ya ile ya karatasi iliyokuja na gari. Ya karatasi ikichafuka unaitupa. Ya pamba unaiosha kwa maji ya sabuni, unaianika kivulini, kisha unaipaka mafuta yake mekundu ili inase vumbi. Wenye magari ya Pangani na Horohoro wote wanamjua kwa kazi hiyo.

Gereji yake iko ubavuni mwa nyumba yetu, Usagara, hapa Tanga mjini. Miaka kumi na tisa sijapata kumsikia akimdanganya mteja, hata pale uongo ungetufaa, na nimeshamgombeza sana kwa hilo. Mimi napika mafuta ya nazi na kuyauza.

Kipupwe kilichopita, asubuhi moja, alikuja Wilfred. Ni mwalimu, Msambaa, mteja wetu wa siku nyingi, na kwa kawaida hafiki mlangoni bila kututania sisi watu wa pwani. Siku hiyo hakutania.

"Fundi, wiki iliyopita uliponioshea filta nilipanda Lushoto kumwona mama," alisema. "Alfajiri akaamka mkono mmoja umelegea na mdomo umekwenda upande. Nikamtia garini nimkimbize hospitali. Gari likawaka, likakohoa, likazima. Likawaka tena, likazima. Mpaka saa tatu, jua lilipopasua ukungu, ndipo likakubali. Daktari kaniambia ni kiharusi. Kasema ningemfikisha mapema, huenda asingepoteza kauli."

Idarusi alimpa pole. Wilfred akaendelea.

"Ni petroli. Nilijaza kwa Fanueli, yule anayeuza kwa chupa pale kijijini kwetu. Kachanganya maji. Nimemshitaki, leo siku ya tatu yuko ndani. Nataka uikague injini uniandikie, niwapelekee polisi."

Idarusi akafungua boneti, akaitoa filta na kuiweka juu ya benchi. Mimi nilikuwa mlangoni na ungo wangu. Harufu ikanijia. Yalikuwa mafuta yangu. Nikamwita mume wangu ndani.

"Baba Sabiri, ulitia nini kwenye ile filta?"

"Yale mekundu yaliadimika madukani, nikatia yako. Mbona nimewatilia wengi tu, wa Pangani, wa Ushongo, na hakuna aliyelalamika?"

Nilichukua chupa kabatini nikamtia mkononi. Kipupwe kikiingia huwa nayaanika juani kabla ya kuyauza, na asubuhi ile, hapa hapa Tanga, yalikuwa yameganda nusu chupa, meupe. Sasa huko Lushoto, gari limelala nje usiku kucha!

Aliipindua chupa, kisha akakaa.

"Yaliganda," alisema. "Gari lilikosa hewa."

"Nyamaza," nikamwambia.

Hata mimi nilishituka kujisikia. Lakini sikuacha. Nikamwambia mafuta yameshayeyuka, kwamba hakuna mwingine ajuaye, kwamba aandike maneno mawili tu, kuwa ni petroli, na mambo yaishe. Siku nyingine zote nilimgombeza nusu kwa mzaha. Siku hiyo nilikuwa namwomba kwa dhati.

"Na Fanueli je?" akaniuliza.

Akainuka, akatoka.

"Bwana Wilfred, petroli haina kosa. Ni mimi. Nilitia mafuta ya nazi kwenye filta, yakaganda kwa baridi ya kwenu."

Wilfred alicheka. Wallahi alicheka, akidhani ni utani wetu wa kila siku. Kisha akamtazama Idarusi usoni, na kicheko kikakatika. Mkono wake ulikuwa karibu na spana iliyokuwa juu ya benchi, nami nikafumba macho.

Nilipoyafumbua alikuwa na simu sikioni. "Naondoa malalamiko yangu juu ya Fanueli," alisema. "Hapana, afande. Nimemsingizia." Akaizima simu, akamgeukia mume wangu.

"Ingia garini, fundi. Mama nimemleta kwangu, hapa mjini. Utamwambia mwenyewe. Anasikia kila kitu, ila hawezi kukujibu."

Idarusi aliingia mbele na mikono yake ya grisi. Mimi hakuna aliyeniita. Nikaweka ungo chini, nikafungua mlango wa nyuma, nikapanda, maana mafuta yalikuwa yangu, na aliyesema tunyamaze ni mimi.