Vita Baridi vya Wikio la Kiponda

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe kabla nyumba hazijageuzwa hoteli, siasa za dunia tulisomeshwa mapema, tena bila ya mwalimu. Siku hizi wajukuu wangu wanaangalia kwenye simu mabwana wakubwa waliofunga tai: wanapeana mikono huku wamenuna, wanawaita mabalozi wao warudi nyumbani, wananyimana biashara, wanafungiana mipaka. Watoto wanashangaa. Mimi sishangai. Yote hayo niliyaona mtaani kwetu Kiponda nikiwa bado nina meno ya utoto, na waliokuwa wakiyafanya hawakufunga tai, walijitanda kanga.

Yamenijia haya kwa sababu ya Rukia. Rukia ni shoga yangu tangu hatujajua kujifunga kanga wenyewe, na sasa sote ni mabibi. Ramadhani iliyopita, kwenye kundi letu la simu la watoto wa Kiponda, tulizozana kwa ajili ya vita vya nchi mbili za mbali. Sizitaji, nisije nikaanzisha vita vingine. Mimi nilikuwa upande huu, yeye upande ule. Nilimwambia haelewi mambo ya dunia. Akanijibu kuwa mimi naelewa yale tu ninayoletewa na simu. Kisha simu ikatangaza: Rukia ameondoka. Vijana wananiambia ndiyo kawaida, mtu akikuudhi unamfungia, yamekwisha. Enzi zetu kununa ilikuwa kazi, ilitaka pumzi na ushahidi wa majirani. Leo kinatosha kidole gumba. Jioni kabla ya ugomvi huo nilikuwa nimempelekea Rukia mkate wa kumimina kwenye sahani yangu ya maua. Sahani hiyo haijarudi mpaka leo, na mimi nimeihesabu kuwa ni tangazo rasmi la uadui.

Kwa wasiojua, nieleze. Nyumba ya bibi yangu, Bi Salma, na nyumba ya Bi Zuwena, bibi yake Rukia, zilitazamana, uchochoro katikati. Juu ghorofani ziliunganishwa na wikio, yaani kijumba kilichokatiza juu ya njia kama daraja, kina mlango kila upande. Wanawake walipita humo kutembeleana bila ya kushuka njiani. Kwetu sisi watoto wikio ndilo lililokuwa dunia. Tulicheza mdako humo, tukirusha kete na kuzidaka, tukapikapika kwa vifuu, tukachungulia utosi wa kila apitaye chini. Harufu yake bado ninayo puani: chokaa, udi wa Bi Zuwena, na samaki wa kukaanga kutoka jikoni kwetu. Wakati wa kaskazi kulikuwa na upepo usio na mfano, na mabibi zetu walikaa humo mchana kutwa wakichambua mchele na kuchambua watu.

Mwaka mmoja masika yalikuja kwa kishindo, boriti ikaoza, dari ikaanza kuvuja. Hapo ndipo ulipozaliwa mgogoro wa mpaka. Wikio lilipokuwa zima kila nyumba iliita "wikio letu." Lilipovuja, Bibi aliliita "wikio lenu," na Bi Zuwena naye akaliita "wikio lenu." Aliitwa fundi. Alisimama katikati na ngazi yake, akasikiliza upande huu akanywa kahawa, akasikiliza upande ule akanywa kahawa, akaenda zake. Nimewaona wasuluhishi wengi kwenye taarifa za habari tangu siku hiyo, na wengi wao wana tabia za yule fundi.

Maneno yakazaa maneno. Bi Zuwena alisema kuna watu wamezoea kupunga upepo wa wenzao. Bibi akasema upepo ni wa Mungu, na kama Zuwena ameununua basi alete hati. Kisha akaupiga komeo mlango wetu wa wikio kwa nguvu hata vikombe vikalia kabatini. Hatukukaa sana tukasikia komeo la pili, la upande wa pili. Mpaka umefungwa. Rukia na mimi tukakatazwa hata kusemeshana. Kila alasiri tulisimama madirishani tukitazamana, yeye na kete zake za mdako mkononi na mimi na zangu, na nilikuwa na huzuni ambayo sikujua mtoto anaweza kuwa nayo.

Chini ya wikio hilohilo palikuwa na baraza, na kila jioni Babu na Mzee Haidari, mume wa Bi Zuwena, walikaa hapo na redio. Walizungumza amani ya ulimwengu. Mataifa makubwa yalikuwa yakitishiana kwa mabomu, na wazee wetu walisikitika sana.

"Wakae kitako wazungumze," Mzee Haidari alikuwa akisema. "Wote si binaadamu?"

"Kiburi tu, bwana," Babu alimjibu. "Kiburi."

Maji yakawadondokea kutoka juu, na mmoja wao akasogeza redio isirowe. Kuhusu wake zao hawakuthubutu kutamka neno. Walikuwa nchi zisizofungamana na upande wowote, na kila mmoja akienda kula kwake.

Ikaingia Ramadhani, na Ramadhani yetu ilikuwa na sheria zake. Futari haikuliwa bila ya jirani kuonja. Jioni ya kwanza Bibi alipakua muhogo wa nazi kwenye sahani yake, akaufunika kawa, akaniita.

"Naam, Bibi."

"Mpelekee Bi Zuwena. Shikamoo yake mpe. Maneno usipeleke, na maneno usilete."

Nikamuuliza si tumegombana nao. Akanitazama kama niliyetukana. "Tumegombana mimi na yeye. Sahani imekosa nini?"

Ndiyo nikawa balozi, nikishuka ngazi zetu na kupanda zao, maana njia ya juu imefungwa. Na sheria ya pili, inayojulikana na kila mtu wa pwani, ni kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Kesho yake Rukia alituletea sahani yetu ina sambusa za ngozi nyembamba, nyama imekolea bizari. Bibi alionja, akasema zina chumvi kidogo, akazimaliza. Jioni ile ile alipika katlesi. Zikajibiwa kwa kachori na chatne ya ukwaju. Bibi akapeleka mkate wa ufuta, zikaja kaimati zinang'ara shira. Wenyewe wataalamu wanaita mashindano ya silaha. Sijapata kula miaka yote ya amani kama nilivyokula mwaka ule wa vita, na sisi watoto tuliomba mpaka ufunguliwe lakini mazungumzo yasiharakishwe.

Kumi la mwisho la mfungo lilipoingia, sahani haikurudi. Jioni ya kwanza Bibi alifurahi. "Kaishiwa," alisema, kwa sauti ya jemadari. Jioni ya pili ilipoadhiniwa alifungua kwa tende moja, akakaa anatazama mlango. Uji ukamgandia mbele yake.

"Sahani yangu iko wapi?"

"Kwa Bi Zuwena," nikasema.

"Nnajua iko kwa Bi Zuwena. Nnauliza kwa nini haijarudi."

Babu, aliyekuwa na habari za redio kichwani, akasema, "Labda ndo kakata uhusiano."

"Nyamaza na redio yako! Zuwena atanitukana, atanifungia mlango, lakini sahani yangu haniwekei. Kuna kitu."

Aliinuka. Komeo lilikuwa limeshika kutu, akaligonga kwa mchi mpaka likaachia. Akapita wikioni katikati ya madimbwi, kanga imepandishwa, mimi nyuma yake. Akaupiga mlango wa pili. "Zuwena! Mimi Salma!"

Rukia ndiye aliyefungua, macho yamemvimba. Mzee Haidari alikuwa Pemba kwa shughuli za karafuu, na Bi Zuwena alikuwa kitandani, homa imemlaza hata sauti imemkauka. Alikuwa amemkataza Rukia asitwambie. Juu ya meza palikuwa na sahani yetu, imeoshwa, imefunikwa kawa.

"Sahani yako hiyo, Salma," akasema. "Nshaiosha. Sikupata cha kutia."

Sikuwa nimewahi kumuona Bibi analia. "Ungeileta hivyohivyo, mwenzangu."

"Tupu?"

"Bora ufe nayo?"

Bi Zuwena akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Bibi akaenda jikoni kwake kumpikia uji kama aliyetoka humo jana. Hakuna aliyetia saini wala aliyetangazwa kuwa kashinda. Idi ilitukuta mimi na Rukia wikioni tunacheza mdako. Dari iliendelea kuvuja, wakaweka beseni katikati, na hata hilo beseni walibishana mpaka wanazikwa kuwa ni la nani.

Leo nyumba zote mbili ni hoteli moja. Wikio limepakwa rangi na halivuji tena, wageni wanalipiga picha kutoka chini, na milango yake imefungwa kwa kufuli kwa sababu hakuna wa kupita. Mimi niko Fuoni, Rukia yuko Bububu, kila mmoja na ukuta wake na geti lake. Wajukuu wetu wanajua kombora gani limeangukia mji gani kabla moshi haujatulia, lakini jina la jirani hawalijui. Na sisi mabibi zao hatuna la kuwacheka. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi tumeiokota fimbo ya mbali tukapigana wenyewe kwa wenyewe.

Nilianza kuandika haya ili nimtie Rukia aibu. Nimefika hapa nimekwama kwenye ile sahani. Rukia anakaa peke yake tangu mumewe afariki na wanawe wahamie Maskati. Yeye ni mjukuu wa Bi Zuwena, amelelewa naye. Ataniambia sina akili, ataondoka kwenye kundi. Lakini sahani yangu haniwekei.

Nimemwita mjukuu wangu aniletee buibui. Ameniuliza nakwenda wapi jua kali lote hili, si nimpigie simu tu huyo mtu.

"Nnakwenda Bububu," nimemwambia. "Sahani yangu haijarudi."